Ndoo Imenyamaza: Kutafuta Kilichoikwamisha Bia ya Nyumbani Kwenye Joto la Tanga

Siku ya tatu ndiyo huwatia watu hofu. Juzi kizibo cha maji, kile kinachotoa gesi ya ndoo bila kuingiza hewa, kilibubujika usiku kucha, jana kikapunguza kasi, leo asubuhi kimya. Mpishi mgeni anaitafuta karatasi ya maelekezo iliyokuja na kopo, anasoma kwamba huenda chachu imepata baridi, aisogeze ndoo mahali penye joto. Karatasi hiyo iliandikwa kwa ajili ya jiko la Ulaya wakati wa baridi. Hapa Tanga, mwezi wa pili, kipimajoto nilichokitundika ukutani Chumbageni kinasoma nyuzi 31 saa nne za usiku. Mwenye kuitii karatasi ile hapa kwetu anaimaliza chachu ambayo tayari inapigania uhai wake.

Naandika haya kwa wa mwambao huu, Tanga mjini mpaka Pangani na Muheza, ambao wameletewa kopo la kimea na ndugu aliyetoka ng'ambo na sasa wanaiangalia ndoo wasijue la kufanya. Kopo la kawaida lina kilo 1.7 za rojo la kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu wake) zimekwisha kutiwa humo, na chini ya mfuniko kuna pakiti ya chachu kavu ya gramu 5 hadi 7. Unaongeza sukari kilo moja na maji hadi lita 20 au 23. Nitakaposema chachu ninamaanisha hiyo ya bia, na hamira ni ile ya mikate na maandazi. Mbele kidogo tofauti hiyo itakuwa na maana.

Imekwama, au imemaliza?

Kizibo si shahidi. Mfuniko ukilegea kidogo tu, gesi inapita pembeni na kizibo kinakaa kimya hali ndani kazi inaendelea. Na kinyume chake hutokea: jua la mchana likiipasha ndoo, gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani ya bia inatoka yenyewe, kizibo kinabubujika, na kumbe chachu ilimaliza tangu jana. Afadhali uangalie ukuta wa ndoo juu ya usawa wa bia. Ukiona mkanda wa utando wa kahawia uliokaukia pale, ujue povu lilipanda likashuka, hata kama lilipanda wewe umelala.

Shahidi mwenyewe ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Maji matupu husoma 1.000. Sukari huyafanya maji ya kimea yawe mazito, kwa hiyo kabla ya kutia chachu utasoma kama 1.040. Chachu inapoigeuza sukari kuwa kilevi na gesi, uzito unashuka. Kopo moja na kilo moja ya sukari huishia kati ya 1.006 na 1.012. Ukitumia makopo mawili bila sukari, unaweza kuanzia 1.050 ukaishia 1.014, na hapo hakuna kilichokwama, kwa sababu kimea kina sukari ngumu ambazo chachu haizili. Kama makadirio ya haraka, kile kilichozidi 1.000 mwanzoni kikibaki robo yake tu, kazi imekwisha.

Soma leo, soma tena baada ya siku mbili. Namba ikishuka, bia inaendelea na wewe iache. Ikisimama palepale chini ya 1.012, imemaliza. Katika joto letu hilo linaweza kutokea ndani ya siku tatu, na ndiyo maana simu nyingi ninazopigiwa kuhusu ndoo iliyokwama huwa ni za bia iliyokwisha kuiva. Ikisimama 1.018 au zaidi, hapo ndipo tuna neno la kuzungumza.

Lakini usome vizuri. Haidromita nyingi zimepimwa kwa maji ya nyuzi 20. Bia ya nyuzi 30 itakuonyesha pungufu, kwa hiyo ongeza kama 0.002 au 0.003 juu ya ulichokisoma. Viputo vya gesi navyo hukishika kijiti vikakinyanyua, ukasoma zaidi ya ukweli. Kizungushe kwa vidole, subiri kitulie, ndipo usome. Na ile namba ya mwanzo mara nyingi huwa ya uongo: rojo zito linalala chini ya ndoo, maji yanakaa juu, na ulichochota kwenye bomba la chini si kile kilichomo kwenye ndoo nzima. Ukiwa na mashaka nayo, fanya hesabu ya kopo na sukari ulizotia, usiiamini namba.

Saa 36 zimepita na hakuna hata povu

Hapa kwetu ninaanza kushuku kitu kimoja kabla ya vingine vyote: chachu ilimwagwa kwenye maji ya moto. Si kwa uzembe, ni kwa kuyafuata maelekezo. Yanasema yeyusha rojo na sukari kwa lita 3 za maji yaliyochemka, kisha jaza maji ya bomba. Kule Ulaya bomba linatoa maji ya nyuzi 10, na mchanganyiko unatua kwenye 22 hivi, pazuri kabisa. Bomba la Tanga linatoa maji ya nyuzi 28. Fanya mchanganyiko uleule kwa vipimo vilevile na unapata nyuzi 37. Ukigusa ndoo kwa kiganja huhisi hatari yoyote, maana ni joto la mwili wako mwenyewe. Chachu ya kawaida ya bia inataka 18 hadi 24. Kwenye 37 inateseka, na kama ulikuwa na haraka ukaimwaga maji yakiwa bado juu ya 40, huenda imekufa.

Dawa yake ni kujiandaa jana yake. Chemsha maji, yapooze, yaweke kwenye friji yalale humo. Au gandisha kilo 3 za barafu kwa maji yaliyochemshwa, kwenye vyombo safi vyenye mfuniko, uitumie badala ya lita 3 za maji ya kujazia: zile nyuzi 37 zitashuka hadi karibu 22. Nasema barafu yako mwenyewe. Barafu ya sokoni imekaa na samaki na imeshikwa na mikono mingi. Usiikaribishe kwenye bia.

La pili ni chachu iliyokufa kabla hujaifungua. Pakiti ile imesafiri melini au ndani ya sanduku lililokaa kwenye buti la gari juani, halafu ikawekwa kwenye rafu miezi minane. Tarehe ya mwisho iliyochapwa juu yake inahesabu kwamba imetunzwa mahali pa baridi. Ukipokea kopo, bandua mfuniko, toa pakiti, iweke kwenye friji siku hiyohiyo, kopo lenyewe libaki kabatini. Na kabla ya kupika ijaribu: nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kama nyuzi 30, kijiko kidogo cha sukari, nyunyiza chachu juu, funika kwa sahani safi. Ndani ya nusu saa iwe imetoa povu na harufu ya mkate. Isipotoa, usiimwage kwenye lita 23 kwa kuionea huruma.

Halafu kuna dawa ya kutakasia vyombo. Watu wa pwani tunaogopa vijidudu, na ni haki yetu kwa joto hili, lakini nimeona ndoo iliyooshwa kwa dawa ya kung'arishia nguo na kusuuzwa mara moja tu. Harufu ya klorini ilikuwa bado inatoka. Kilichoua vijidudu kikaiua na chachu. Suuza mara tatu au nne kwa maji yaliyochemshwa mpaka pua isisikie kitu.

Ilianza kwa kishindo, ikakata pumzi kwenye 1.022

Hili ndilo tatizo letu hasa, na limeniharibia bia mbili kabla sijalielewa. Chachu ikila sukari inatoa joto. Ndoo ya lita 23 inapofanya kazi kwa nguvu hupanda nyuzi 3 hadi 5 juu ya joto la chumba. Chumba kina 31, ndani ya ndoo kuna 35. Siku ya kwanza utafurahi, kizibo kinapiga kama mvua juu ya bati. Chachu imezaana haraka, imekula haraka, imetapakaa kwenye joto lisilo lake, na kilevi kilichokwisha kutengenezwa kinaiongezea mateso. Ikifika katikati ya safari inazimia na kutua chini. Ndoo inasoma 1.022 na harakati zimekwisha.

Hata ikifaulu kumaliza kwenye joto hilo, utaionja: ukali unaochoma koo kama pombe ya kienyeji iliyochemshwa vibaya, kichwa kizito asubuhi. Ni vilevi vizito ambavyo chachu iliyozidiwa na joto hutoa, na havitoki kwa kungoja.

Tunaipoozaje bila friji kubwa? Chukua beseni pana la kufulia, weka ndoo ndani, jaza maji yafike nusu ya ndoo. Tumbukiza chupa mbili za plastiki za lita moja na nusu zilizogandishwa, asubuhi na jioni badilisha. Ivishe ndoo fulana ya pamba inayogusa maji, na kama kuna feni ielekeze hapo. Najua wengine hutegemea kitambaa kibichi peke yake kama tunavyofanya kwa mtungi, lakini hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, maji hayapai upesi, na utapunguza nyuzi 2 au 3 tu. Kazi inafanywa na maji ya beseni, kwa kuwa lita 30 za maji hazipandi joto upesi hata umeme ukikatika nusu siku. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda. Baada ya hapo hata ikipanda hadi 25 haitadhuru, na itaisaidia kumaliza.

Ukiweza kuchagua majira, pika wakati wa kusi. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wa Tanga unashuka hadi nyuzi 20 na kitu, na beseni linahitaji chupa moja tu. Wakati wa kaskazi mimi sipiki kwa chachu ya kwenye kopo. Kuna chachu ya mashamba ya Norway inayoitwa kveik, ambayo inafanya kazi vizuri kwenye nyuzi 30 hadi karibu 40 na kumaliza kwa siku chache bila ule ukali wa kooni. Ndugu akiuliza akuletee nini, mwambie pakiti mbili za hiyo. Kwa mtu wa mwambao zina faida kuliko kopo la pili.

Kule juu mlimani mambo ni kinyume

Binamu yangu yuko Lushoto. Mwaka mmoja tuligawana makopo mawili yaliyokuja kwenye mzigo mmoja. La kwangu lilikata pumzi kwa joto mwezi wa pili, la kwake akalipika mwezi wa saba. Akanipigia: "Dada, ndoo imenyamaza siku ya nne, haidromita 1.026. Nimefunga chupa za barafu kama ulivyosema."

Nilijisikia vibaya sana, kwa sababu nilimpa ushauri wa Tanga mtu anayekaa mita 1,400 juu ya bahari. Julai Lushoto usiku hushuka hadi nyuzi 10 na kitu, na chachu ya bia ikishuka chini ya 15 inajikusanya na kulala chini. Nikamwambia, "Zitoe chupa kaka, ingiza ndoo ndani karibu na jiko, ivishe blanketi mbili, na uizungushe taratibu bila kuifungua ili chachu iamke kutoka chini." Kesho yake jioni ilikuwa nyuzi 20 na kizibo kinapiga. Ilimaliza 1.010.

Chachu iliyolala kwa baridi huamka karibu kila mara. Iliyouawa na joto haiamki. Ndiyo sababu nataka ujue joto la ndoo kabla hujaamua lolote: bandika kipimajoto ubavuni mwake kwa utepe, kifunike kwa kitambaa kilichokunjwa kisisome hewa ya chumba.

Hata wa Tanga mjini anaweza kupata baridi hii kama anatumia friji. Friji ya nyumbani ikiachwa bila kidhibiti inashuka hadi nyuzi 5, na nimekutana na mtu aliyeweka ndoo humo usiku mmoja tu, akashangaa siku nne hakuna kitu.

Sukari, maji na hewa

Wapo wanaotia sukari kilo mbili na nusu ili bia iwe kali. Sukari ya mezani haina chakula kingine kwa chachu zaidi ya utamu. Kimea ndicho chenye lishe ya kujengea mwili wa chachu. Ukizidisha sukari, chachu inafanya kazi kwa njaa na kuchoka kabla ya mwisho. Baki kwenye kilo moja. Kama umeshazidisha, chemsha kijiko kimoja cha hamira kwa maji kidogo dakika kumi, poza, mimina ndani. Hamira iliyokufa ni chakula kwa chachu iliyo hai.

Chachu inahitaji hewa mwanzoni tu, wakati wa kuzaana. Maji yaliyochemshwa yamepoteza hewa yake, kwa hiyo kabla ya kutia chachu yamimine kutoka juu, koroga mpaka povu lijae. Uchachukaji ukishaanza, usirudie tena. Kuikoroga kwa nguvu ndoo iliyokwama ni kosa ninaloliona mara nyingi, na bia hupata ladha ya karatasi iliyoloana.

Kuhusu maji, ya bomba ya Tanga mjini hutoka Bwawa la Mabayani, mto Zigi, na ni mazuri ukiyachemsha au kuyaacha wazi usiku ili klorini itoke. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Kama chai yako inakataa, bia nayo itakataa.

Kabla ya kuongeza chachu nyingine

Ndoo imesimama 1.020, joto ni sahihi, siku nne hakuna badiliko. Usimwage chachu mpya kwa pupa. Fanya jaribio hili ambalo limeniokolea pakiti nyingi: chota bia glasi moja, itie kwenye chupa safi na kijiko kidogo cha chachu hai, hamira pia yafaa kwa jaribio, funika kwa karatasi, acha mezani kwenye joto la chumba siku mbili. Pima. Glasi ikishuka hadi 1.010, kuna chakula kimebaki na ndoo inahitaji msaada. Ikibaki 1.019, hakuna cha kuliwa. Kimea cha kopo lile, hasa la bia nyeusi, kina sukari ngumu nyingi, na bia yako imeiva ilivyo. Glasi ya jaribio imwage, usiirudishe ndoo.

Kama inahitaji msaada, kunyunyiza chachu kavu juu ya bia yenye kilevi hakusaidii sana, inapata mshtuko na kufa. Izoeshe. Chemsha nusu lita ya maji na vijiko vitatu vya sukari, na rojo la kimea ukiwa nalo, poza hadi 25, tia chachu mpya. Saa 12 baadaye ikiwa inatoa povu, ongeza kikombe cha bia iliyokwama. Baada ya saa chache kikombe kingine. Ikiendelea kutoa povu baada ya vikombe vitatu, imezoea, imimine yote ndani ya ndoo polepole bila kurusha, na ulinde nyuzi 22 hadi 24. Subiri siku tatu kabla ya kupima.

Wengine huniuliza kwa nini wasitie machicha ya tembo la mnazi, maana linachacha lenyewe tangu mgema hajashuka. Ni kweli, lina chachu ya porini yenye nguvu. Lina na vijidudu vya uchachu vinavyoligeuza kuwa siki ndani ya siku mbili tatu, na bia itaelekea huko huko. Usitumie hata ndoo iliyowahi kuwekewa tembo, plastiki hushika. Ukifungua ndoo ukakuta utando mweupe juu kama ngozi ya maziwa, na harufu ya siki, tatizo lako si kukwama tena.

Chupa

Bibi yangu alipika boha, pombe ya miwa ya kule Usambara, na ilinywewa ikiwa bado inachemka, siku hiyo au kesho yake. Hakuwahi kuifunga kwenye chupa. Sisi tunafunga, na ndiyo hatari ya bia iliyokwama. Niliwahi kuifunga moja ya 1.020 nikiamini imekwisha. Usiku wa sita chupa tatu zilipasuka kabatini, na kipande kimoja cha kioo kilipenya mlango wa mbao. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili.

Kwa hiyo namba mbili zinazolingana, siku mbili mpaka tatu mbali, na jaribio la glasi kama imesimama juu. Hapo ndipo utie sukari nusu kijiko cha chai kwa chupa ya nusu lita, si zaidi. Na katika kila mkupuo jaza chupa moja ya soda ya plastiki pamoja na za kioo, ikae nazo. Iminye kwa kidole kila siku. Ikiwa ngumu kama mpira wa kandanda, gesi imetosha, peleka zote kwenye friji. Ikifika mahali kidole hakiingii kabisa na kitako kimeanza kutuna, vaa glavu nene, funika chupa za kioo kwa taulo, zifungue moja moja ndani ya beseni gesi itoke, kisha zifunge tena.